Msamaha wa kodi ya mauzo kwa jumuiya zetu Marekani na matawi yake: mwongozo wa hatua kwa hatua

Swali huwa lile lile kila sherehe inapokaribia. Mweka hazina wa tawi amekwenda kukodi viti na mahema, ankara imekuja na kodi juu yake, naye anauliza kwenye kundi la WhatsApp: "Si tuna 501(c)(3)? Mbona wametukata kodi?" (501(c)(3) ni kifungu cha sheria ya kodi ya serikali kuu kinachosamehe vyama vya hisani na vya dini kodi ya mapato.) Mwingine anataka kujua kama anaweza kutumia cheti cha makao makuu yaliyoko jimbo jingine. Wa tatu ana EIN ya tawi (namba ya utambulisho ya shirika kwa mambo ya kodi) na anaamini hiyo ndiyo msamaha wenyewe.

Mwongozo huu ni kwa ajili yako wewe mweka hazina au katibu wa tawi la jumuiya, msikiti, kanisa au chama cha hisani hapa Marekani. Fedha mnazozishika ni michango ya watu wanaofanya kazi zamu mbili. Ukikodi vifaa vya dola 2,400 mjini Houston, ambako kodi ya jimbo na ya mji hufika asilimia 8.25, kodi peke yake ni dola 198. Hizo zingelipa vitabu vya watoto wa darasa la Jumamosi.

Shika jambo moja kabla ya kuanza: msamaha wa kodi ya mauzo hautolewi na IRS. IRS ni idara ya kodi ya serikali kuu, na barua yake inahusu kodi ya mapato. Kodi ya mauzo ni ya jimbo, na mara nyingi kaunti na mji huongeza asilimia zao. Kila jimbo lina sheria yake, fomu yake na masharti yake. Tena, kwa aliyezoea VAT ya nyumbani ambayo mara nyingi imo ndani ya bei iliyobandikwa, hapa kodi huongezwa pale kaunta. Kwa hiyo pale kaunta ndipo unapotakiwa uwe na karatasi zako mkononi.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Barua ya IRS inayotambua jumuiya kuwa ya 501(c)(3), au barua ya msamaha wa kundi (barua moja inayotambua jumuiya kuu pamoja na matawi yake) kama mko chini ya jumuiya kuu.
- EIN ya shirika litakalonunua. Yaani shirika litakalolipa, si shirika lolote lenye jina linalofanana na lenu.
- Hati ya usajili kutoka jimboni na katiba ya jumuiya. Majimbo mengi huziomba.
- Barua ya jumuiya kuu yenye sahihi, inayotaja tawi lenu kwa jina kamili, anwani na EIN.
- Akaunti ya benki kwa jina la jumuiya au la tawi, yenye hundi au kadi.
- Muhtasari wa kikao unaotaja nani wameruhusiwa kununua kwa niaba ya jumuiya. Watu wawili au watatu wanatosha.

Kama hamna barua ya IRS kabisa, usiruke kwenda hatua ya nne. Kusajiliwa na jimbo kuwa shirika lisilo la faida ni jambo moja, kutambuliwa na IRS ni la pili, na msamaha wa kodi ya mauzo ni la tatu. Jumuiya nyingi zina la kwanza tu na zinadhani zina yote.

Hatua ya 1: Jua tawi lenu ni nani kwenye karatasi

Usiharakishe hapa, maana karibu kila tatizo la matawi huanzia hapa. Tunasema "tawi" tukimaanisha mambo manne tofauti, na kila moja lina njia yake.

*Tawi ambalo ni kamati tu.* Halina usajili wake wala EIN yake. Fedha zimo kwenye akaunti ya jumuiya kuu, hata kama mmefunguliwa akaunti ndogo ya kwenu. Kisheria hapa hakuna shirika la pili: anayenunua ni jumuiya kuu, na msamaha ni wake. Mkiwa jimbo lile lile, mtatumia cheti chake kwa ruhusa yake. Mkiwa jimbo jingine, jumuiya kuu yenyewe ndiyo itakayoomba msamaha katika jimbo lenu. Cheti cha Maryland hakimfungi muuzaji wa Houston kwa lolote.

*Tawi linalojitegemea chini ya msamaha wa kundi.* Lina viongozi wake, akaunti yake na EIN yake, ila jumuiya kuu iliomba IRS iitambue pamoja na matawi yake, ikapewa namba ya kundi yenye tarakimu nne. Tawi la namna hii halina barua yake binafsi kutoka IRS, na hilo huwatia watu hofu bure. Ushahidi wenu ni karatasi mbili zinazokwenda pamoja: nakala ya barua ya kundi, na barua ya jumuiya kuu inayosema kwamba ninyi ni tawi lililomo ndani ya kundi hilo. Texas, kwa mfano, huomba hizo hizo mbili. Kila mwaka jumuiya kuu hutakiwa kuiarifu IRS mabadiliko ya orodha yake: tawi lililoongezeka, lililofungwa, lililobadili jina au anwani. Kwa hiyo mkibadili jina la tawi leo, mwambieni katibu mkuu leo. Jina likipishana kwenye karatasi, maombi yenu jimboni yatarudishwa.

*Tawi lenye EIN na barua yake ya 501(c)(3).* Hili ni shirika kamili. Undugu na jumuiya kuu ni wa moyoni na wa katiba, lakini mbele ya idara ya mapato linajitegemea. Litaomba msamaha wake lenyewe na litatumia cheti chake lenyewe.

*Tawi lililochukua EIN ili lifungue akaunti ya benki, likaishia hapo.* Hili ndilo ninaloliona zaidi, na ndilo lenye hatari. EIN hutolewa bure na kwa muda mfupi mtandaoni. Duka la samaki linayo, saluni inayo. Ni namba ya utambulisho tu. Tawi hili si sehemu ya jumuiya kuu, kwa kuwa limejitenga kwa EIN yake, na wala halijatambuliwa na IRS. Mwanachama akinunua vitu bila kodi kwa kutumia barua ya makao makuu huku malipo yanatoka kwenye akaunti ya tawi la namna hii, ametumia msamaha usio wao.

Mkijikuta kwenye kundi hili la nne, mna njia tatu. Mnaweza kufunga akaunti ile, mkaiandikia IRS ifunge EIN hiyo, mkarudi kuwa kamati ya jumuiya kuu. Mnaweza kuingizwa kwenye msamaha wa kundi, kama jumuiya kuu inao. Au mnaweza kuomba 501(c)(3) yenu wenyewe. Tawi linalotarajia mapato yasiyozidi dola 50,000 kwa mwaka na lenye mali isiyozidi dola 250,000 kwa kawaida linaweza kutumia fomu fupi ya 1023-EZ, ambayo ada yake ni dola 275. Fomu ndefu ya 1023 ni dola 600. Kwa tawi dogo la watu thelathini, mimi ningerudi kuwa kamati. Kuendesha shirika kamili kuna ripoti za kila mwaka, na viongozi wetu wa kujitolea hubadilika haraka.

Jingine linalohusu jumuiya zetu hasa: mfuko wa rambirambi. Kama kazi kubwa ya chama ni wanachama kuchangiana wao kwa wao wakifiwa, na manufaa hayawafikii wengine, IRS inaweza kuona hicho si chama cha hisani kwa maana ya 501(c)(3). Kaeni na mhasibu anayejua mashirika ya hisani kabla ya kujaza fomu yoyote. Msiandike kwenye fomu malengo mazuri ambayo chama hakiyafanyi.

Hatua ya 2: Angalia kama jimbo lenu linatoa msamaha huo

Majimbo matano hayana kodi ya mauzo ya jimbo zima: Alaska, Delaware, Montana, New Hampshire na Oregon. (Alaska baadhi ya miji hutoza yake.)

Kisha kuna majimbo yenye kodi hiyo lakini yasiyo na msamaha wa jumla kwa mashirika ya hisani yanaponunua. California ni mojawapo, na pia Washington, Arizona na Georgia. Huko kuna misamaha ya pekee kwa mambo fulani, lakini jumuiya ya kawaida ya Seattle, Phoenix au Atlanta ikinunua meza italipa kodi kama mtu mwingine, hata kama barua yake ya IRS imewekwa kwenye fremu. Kama mko huko, msipoteze muda kubishana na keshia.

North Carolina ina utaratibu wake: shirika linalostahili hulipa kodi kwanza, halafu hudai irudishwe mara mbili kwa mwaka kwa fomu E-585. Manunuzi ya Januari hadi Juni hudaiwa kabla ya Oktoba 15, na ya Julai hadi Desemba kabla ya Aprili 15. Mwenye kutupa risiti huko ametupa fedha.

Majimbo mengi yaliyobaki hutoa msamaha pale pale kaunta, kwa cheti.

Hatua ya 3: Hakikisha hadhi yenu IRS iko hai

Ingia kwenye tovuti ya IRS, sehemu ya kutafuta mashirika yenye msamaha, uandike EIN. Shirika dogo ambalo si kanisa wala msikiti, lenye mapato ya kawaida yasiyozidi dola 50,000 kwa mwaka hutakiwa kutuma taarifa fupi ya 990-N mtandaoni. Kwa wanaofunga hesabu Desemba, mwisho ni Mei 15. Taarifa yenyewe ni maswali machache, haina ada. Lakini ikikosekana miaka 3 mfululizo, hadhi hufutwa yenyewe, na msamaha wa jimbo uliojengwa juu yake huanguka nayo.

Kwa matawi yaliyo chini ya kundi: ulizeni kama jumuiya kuu inawasilisha ripoti moja kwa niaba ya matawi yote, au kila tawi linatuma 990-N yake. Msidhani. Makao makuu hudhani matawi yanatuma, matawi hudhani makao makuu yanatuma, miaka mitatu inapita. Tena tawi lililo ndani ya kundi pengine halitaonekana kwa jina lake kwenye utafutaji huo. Hiyo peke yake haina maana limefutwa; ndiyo sababu barua ya jumuiya kuu ni muhimu.

Hatua ya 4: Omba jimboni

Tafuta tovuti ya idara ya mapato ya jimbo, inayoishia na .gov. Usimlipe mtu anayekupigia simu akidai atakuletea cheti. Hizi ni fomu za majimbo kadhaa walikojaa wasomaji wa Kiswahili:

Texas: fomu AP-204 inakwenda ofisi ya Comptroller, ambayo ndiyo idara ya mapato ya huko. Mbali na 501(c)(3), Texas inaangalia pia vyama vya vifungu vingine vya 501(c): (4), (8), (10) na (19).

Minnesota: mnaomba kwa ST16, na mkishapewa mnanunua kwa kumpa muuzaji ST3.

Kentucky, walikopokelewa ndugu wengi kutoka Kongo: maombi ni 51A125, na cheti cha kumpa muuzaji ni 51A126. Kodi ni asilimia 6, na mji hauongezi yake juu.

New York: mnaomba kwa ST-119.2, mnapewa ST-119 yenye namba yenu, na kila muuzaji mnampa ST-119.1. Watu hupeleka ST-119 dukani wakarudishwa. Ile ni ya kwenu kuweka.

Massachusetts: cheti chenu ni ST-2, na cha kumpa muuzaji ni ST-5 kikiambatana na nakala ya ST-2.

Florida: DR-5 ndiyo maombi, na cheti ni DR-14, ambacho huisha baada ya miaka 5. Illinois hutoa namba inayoanza na herufi E, nayo pia ni ya miaka 5.

Ohio na Michigan hazitoi namba ya msamaha kwa mashirika haya. Mnajaza cheti cha jimbo wenyewe (Michigan ni fomu 3372) na kumpa muuzaji. Wengi hukaa wakisubiri namba ambayo haipo.

Jaza jina la shirika herufi kwa herufi kama lilivyo kwenye barua ya IRS. Kama barua ina "Inc." mwishoni, nawe andika. Kama tawi lina jina la mtaani na jina la karatasi, ni la karatasi linalotakiwa.

Hatua ya 5: Jua msamaha unagusa nini

Kuwa na cheti hakufuti kodi kwenye kila kitu. Minnesota ni mfano mzuri: sahani za karatasi, madaftari na projekta vinaingia kwenye msamaha, lakini chakula kilichopikwa, peremende, soda, pombe na malazi havimo. Kwa hiyo ukiagiza pilau ya watu 150 kutoka mgahawa wa Minneapolis, kodi italipwa hata ukionyesha ST3. Panga bajeti ukijua hilo.

Kodi ya hoteli ni kodi nyingine kabisa, yenye fomu yake. Kodi ya petroli nayo ni nyingine. Usitumie cheti cha kodi ya mauzo kwenye dawati la hoteli ukategemea kifanye kazi.

Na kitu kiwe cha kazi ya jumuiya. Televisheni ya ukumbi wa jumuiya, sawa. Televisheni itakayokaa sebuleni kwa mwenyekiti kwa sababu "vikao hufanyika kwake", hapana.

Hatua ya 6: Nunua kwa jina na fedha za jumuiya

Ankara iandikwe jina la shirika. Malipo yatoke kwenye akaunti ya shirika. New York na Florida zinalisimamia sana hili: shirika lenyewe liwe mnunuzi na mlipaji. Desturi yetu ya mtu kulipa kwa kadi yake halafu kurudishiwa ni nzuri kwa undugu, ila katika majimbo hayo inaua msamaha. Hata kama jimbo lenu ni lepesi zaidi, lichukulieni kama sharti la tawi. Mtu asiye na kadi ya jumuiya alipe na kodi yake, yaishe.

Hatua ya 7: Jaza cheti vizuri

Tuchukue fomu 01-339 ya Texas, kwa kuwa ndiyo ninayoona ikikosewa mara nyingi. Karatasi ni moja, ina pande mbili. Upande mmoja ni cheti cha kununua ili kuuza tena, wa pili ni cheti cha msamaha. Ninyi mnataka ule wa msamaha. Anayejaza upande wa kwanza amemwambia muuzaji kwamba atauza vile viti.

Juu kabisa kwenye nafasi ya mnunuzi andika jina la jumuiya, si lako, pamoja na anwani na simu. Chini yake jina na anwani ya muuzaji. Kwenye maelezo ya vitu usiandike "vifaa". Andika kwa Kiingereza kilicho wazi: kukodi mahema 4, viti 200 na meza 25. Mahali pa sababu, andika kuwa ninyi ni shirika la hisani la 501(c)(3) lililopewa msamaha na Comptroller. Kisha sahihi, cheo chako, tarehe.

Usitafute nafasi ya namba ya msamaha. Haipo, na fomu yenyewe inasema kwamba cheti hakihitaji namba ili kiwe halali. Keshia akikwambia "nipe namba", mwonyeshe kwa kidole sentensi hiyo.

Soma pia maneno yaliyo juu ya sahihi kabla hujaweka kalamu. Yanasema kwamba kutoa cheti hiki kwa kitu unachojua hakistahili ni kosa la jinai. Sahihi ni yako binafsi, na ndiyo maana usikubali kushinikizwa na mtu, hata awe mzee wa jumuiya, kununua vya kwake kwa karatasi hiyo.

Cheti anabaki nacho muuzaji. Hakitumwi kwa Comptroller. Ninyi bakini na nakala.

Kwa manunuzi ya mtandaoni, fungueni akaunti ya jumuiya na mpakie cheti kwenye sehemu ya msamaha kabla ya kuagiza. Maduka makubwa, Amazon ikiwemo, yana utaratibu huo. Linaloangaliwa kwa kawaida ni jimbo mzigo unakopelekwa: mkiagiza mkiwa Texas mzigo ukaenda kwa tawi la Ohio, mtahitaji cheti cha Ohio.

Hatua ya 8: Mkiuza ninyi, ni habari nyingine

Msamaha wa kununua haukupi msamaha wa kuuza. Mkiuza fulana, vitenge au sahani za nyama choma kuchangisha fedha, jimbo linaweza kuwataka mkusanye kodi kwa wateja. Mengi yana nafuu kwa siku chache. Texas huruhusu shirika linalostahili mauzo mawili ya siku moja kila mwaka bila kukusanya kodi, siku moja ikiwa ni saa 24 mfululizo, na tawi la kweli la shirika hilo nalo lina mawili yake. Ohio ni siku zisizozidi 6 kwa mwaka. Minnesota siku 24, kwa masharti ya jinsi fedha zinavyotumika.

Ziandikeni siku hizo kwenye kalenda ya tawi mwanzoni mwa mwaka. Kamati ya akina mama ikiuza vitenge Machi, vijana wakauza fulana Juni, wazee wakaja na mnada Desemba, mmeshamaliza siku zenu za Texas kabla ya mnada, na hakuna aliyejua. Kama mnauza mara kwa mara, chukueni kibali cha kukusanya kodi, kisha bidhaa za kuuza mzinunue kwa cheti cha kuuza tena.

Hatua ya 9: Faili na makabidhiano

Faili moja mtandaoni, lenye barua ya IRS, barua ya jumuiya kuu, cheti cha jimbo, nakala za vyeti mlivyowapa wauzaji, na risiti. Andikeni tarehe ya cheti kuisha mahali ambapo viongozi wote wanaiona. Uongozi ukibadilika, neno la siri la faili na la akaunti ya idara ya mapato likabidhiwe siku ile ile pamoja na kitabu cha hundi.

Mambo yakikwama

*Keshia anakataa cheti.* Omba msimamizi. Maduka makubwa mara nyingi yana dawati la wateja linalosajili mashirika, na baada ya hapo hupewa namba ya ndani ya duka. Texas ina ukurasa ambapo muuzaji anaweza kutafuta jina la shirika lenye msamaha; mfungulie kwenye simu yako. Akikataa bado, ama lipa kodi na udai baadaye, ama nenda kwingine. Usigombane, wewe ndiye sura ya jumuiya pale.

*Mmeshalipa kodi na cheti mlikuwa nacho.* Anza na muuzaji: mpe cheti na risiti, umwombe arudishe. Akishindwa, jimbo lina njia ya madai yenye kikomo cha muda. Texas kwa kawaida ni miaka 4.

*Mmelipa kabla msamaha haujatolewa.* Angalia tarehe ya kuanza iliyoandikwa kwenye barua ya jimbo. Wakati mwingine inarudi nyuma hadi tarehe ya kutambuliwa na IRS, na manunuzi ya katikati yanadaika.

*Jimbo limerudisha maombi kwa sababu jina halilingani.* Usijaze upya kwa kubahatisha. Pata barua mpya ya jumuiya kuu yenye jina sahihi na EIN, kisha rekebisha usajili wa jimbo kama ndio uliopotoka.

*EIN imeonekana kufutwa.* Acheni kutumia cheti mara moja. Kuna utaratibu wa kurejeshewa hadhi kwa kuomba upya IRS, na ukifanywa mapema baada ya kufutwa huwa mwepesi zaidi. Waarifuni pia wachangiaji wakubwa, maana kwa kipindi hicho michango yao huenda haipunguzi kodi zao.

*Jumuiya kuu haijibu kuhusu barua ya tawi.* Andikeni wenyewe rasimu ya barua, ikiwa na jina, anwani, EIN na tarehe mliyopokelewa, muitume iwekwe sahihi tu. Katibu mkuu naye ana kazi ya mchana na watoto wa kupeleka shule. Barua iliyokwisha kuandikwa hurudi haraka zaidi.

*Tawi limegawanyika.* Cheti kinabaki kwa shirika lililotajwa kwenye cheti, chini ya viongozi wanaotambuliwa na katiba. Kundi lililotoka lisikitumie hata kwa sherehe moja. Waarifuni wauzaji wenye nakala yake majina ya wanaoruhusiwa kununua, kwa maandishi.